Vijana wa Kuhesabiwa

Siku hizo mkutano ukiitishwa kijijini kwetu, vijana tulitumwa kwenda kupanga viti. Vilikuwa vya plastiki, vya kukodi, vikaletwa kwa mkokoteni na kuhesabiwa mara mbili kisije kikapotea kimoja. Tukishavipanga tulirudi nyuma kusimama chini ya mwembe, kwa kuwa viti ni vya wazee na wageni. Karatasi ya mahudhurio ilitufikia mwisho. Ilikuwa na safu ya jina, ya kitambulisho, ya simu, na kisanduku kidogo cha kutia alama pembeni ya neno “kijana”. Tulitia alama. Kisha soda, kisha dua, kisha kila mtu kwake.

Nazungumzia Kwale, nyuma ya Ukunda, upande wa bara wa barabara iendayo Lunga Lunga kutoka Likoni. Ng'ambo ya barabara hiyo kuna Diani, na hoteli zake na mchanga wake mweupe. Upande wetu kuna mawe ya matumbawe, mihogo, minazi iliyozeeka na visima vya maji yenye chumvi. Nyumba nyingi zilikula kwa sababu kuna mtu aliyevuka barabara kila alfajiri kwenda kufua mashuka, kulinda lango, kupika, au kuuza vinyago ufuoni.

Mwaka 2013 tuliamini mambo yatabadilika. Katiba ya 2010 ilikuwa imetuletea kaunti, na Machi mwaka ule tulipiga kura kumchagua gavana na mwakilishi wa wadi kwa mara ya kwanza. Redioni kila siku ni ugatuzi na ushirikishwaji wa umma. Kifungu cha 55 cha Katiba kiliitaka serikali ihakikishe vijana wanashiriki katika siasa, jamii na uchumi, na Katiba yenyewe ikaeleza kijana ni nani: aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Mimi nilikuwa na 22. Nilikikariri kifungu kile nikitembea nacho mdomoni, nikidhani siku nikiulizwa nitakihitaji. Hakuna aliyeniuliza.

Septemba mwaka huohuo Hazina ya Uwezo ilizinduliwa, mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya vijana na wanawake. Nasi tukajisajili. Mwenyekiti akawa mvulana aliyekuwa akifanya kazi ya ufuoni, mwenye maneno mengi na Kijerumani cha kuuzia. Mimi nikapewa ukatibu, kwanza kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka, pili kwa sababu fomu zilitaka mwanamke aonekane kwenye uongozi. Wasichana wengine wa kikundi walikuja mikutanoni mara mojamoja. Saa kumi jioni ndiyo saa ya kikao, na ndiyo saa ya foleni ya kisimani.

Daftari la kumbukumbu za vikao ninalo mpaka leo. Ajenda ya kwanza ni dua, ya pili michango, ya tatu mkopo, na ya nne maji. Na karibu kila ukurasa, chini ya ajenda ya nne, nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: iliahirishwa kwa kukosa muda. Muda ulikuwa umemalizwa na jezi za timu na kibanda cha steji ya bodaboda. Wavulana hawakuwa na nia mbaya. Ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kubeba mtungi wa lita ishirini kichwani.

Siku moja kwenye mkutano wa wadi mwenyekiti wetu aliinua mkono akasema tunaomba maji yawekwe kwenye mpango wa kaunti. Mzee mmoja aliyekuwa mbele, mtu mpole, aligeuza shingo akamwambia, “Mwanangu, maneno yako ni mazuri. Lakini wewe hujaoa, huna kiwanja, huna hata mbuzi. Ngoja ukue.” Watu wakacheka, naye mwenyekiti akacheka nao. Kicheko kile hakikuandikwa kwenye kumbukumbu, ila ndicho kilichokuwa jibu. Kwetu neno la mtu lilipimwa kwa kile alichonacho nyuma yake, na sisi nyuma yetu palikuwa na mwembe tu.

Mwaka uliofuata hata kile kidogo kilichotoka hotelini kikaondoka. Watu walikuwa bado na hofu ya shambulio la Westgate la Septemba 2013. Mei 2014 serikali ya Uingereza ikawaonya raia wake wasiende, ila kwa sababu ya lazima, Mombasa na ufuo wa kuanzia Mtwapa hadi Tiwi, na kampuni za utalii za huko zikawarudisha wageni wao kabla ya siku zao kwisha. Mwezi uliofuata yakatokea mauaji ya Mpeketoni, Lamu. Diani haikutajwa kwenye onyo lile la Uingereza, na wenye hoteli walilisema hilo kwa kila aliyetaka kusikia. Lakini mgeni wa Diani wakati ule alishukia uwanja wa ndege wa Mombasa, akavuka kwa feri ya Likoni, akaipita Tiwi. Nani angemweleza mtu wa Manchester kwamba mstari umechorwa kilomita chache kabla ya kitanda chake? Hoteli zilifunga moja baada ya nyingine. Wafua mashuka walirudi nyumbani. Wavulana wa ufuoni waliketi maskani tangu asubuhi, na muguka, yale majani ya kutafuna, ukapata wateja wapya.

Hapo ndipo maajenti walipoingia. Walikuja mwanamke kwa mwanamke: shangazi wa fulani, rafiki wa jirani, mtu anayejulikana. Habari yao ilikuwa fupi: Saudia wanataka wasichana wa kazi za nyumbani, Mwislamu anapendelewa, mshahara riyali 900 hadi 1,000 kwa mwezi. Riyali wakati ule ilikuwa kama shilingi 23. Piga hesabu, ni zaidi ya shilingi 20,000, kwa msichana ambaye hotelini alikuwa akipata chini ya nusu ya hizo, tena wakati wa msimu.

Lakini kilichopindua nyumba zetu zaidi ya mshahara ni gharama ya safari. Mvulana aliyetaka kwenda Qatar au Dubai kuwa mlinzi alidaiwa makumi ya maelfu ya shilingi, wakati mwingine laki nzima. Msichana wa kazi za nyumbani alikwenda bure. Mwajiri ndiye aliyelipa ajenti, tiketi na vipimo vya afya, na mara nyingine ajenti aliacha kitu kidogo mkononi mwa mama. Kwa hiyo katika nyumba ambazo tangu babu na babu mtoto wa kiume ndiye hutumwa kwenda kutafuta, waliotangulia kupanda ndege ni mabinti. Kaka zao waliwasindikiza, wakawabebea mabegi.

Mwaka huohuo wa 2014 serikali ilikuwa imefuta leseni za mawakala 930 na kuzuia watu wasipelekwe Mashariki ya Kati kwa kazi za nyumbani, kwa sababu ya malalamiko ya mateso. Marufuku ile ilikaa mpaka 2017. Haikumzuia mtu kwenda, ilibadilisha njia tu. Wasichana walipanda basi mpaka Uganda wakarukia Entebbe, bila mkataba uliosajiliwa, bila ofisi yoyote yenye majina yao. Mimi sikwenda. Mama alikuwa na kisukari, na mimi ndiye mtoto wake wa pekee nyumbani. Nikabaki na daftari.

Na simu. Kumbukumbu za kikundi chetu, tangu hapo, zimo nusu kwenye daftari na nusu kwenye WhatsApp. Waliokwenda Riyadh, Jeddah na Dammam hawakutaka kutoka kikundini. Walikuwa wakituma mchango wa mwezi, shilingi elfu moja kila mmoja, na maneno yao waliyatuma kwa sauti. Saa za Saudia na za kwetu ni zilezile, kwa hiyo nilijua vizuri wamelala saa ngapi. Ujumbe uliingia saa sita, saa saba za usiku, ukiwa umerekodiwa chooni au stoo, sauti ikiwa chini ili madamu asiamke. Nyuma ya maneno ungesikia mashine ya kufulia.

Ajabu yake ni kwamba wasichana hawa, nilipokuwa nao hapa, sikuwahi kuandika neno lao hata moja. Walikuja vikaoni wakakaa pembeni, wakaondoka mapema. Sasa walikuwa na mengi ya kusema, na yote yalihusu ajenda ya nne.

Kufikia 2016 mchango wao ulikuwa umekuwa pesa za maana, na wazee walikuwa wamesikia. Ukaitishwa mkutano kuzungumzia “fedha za watoto wetu wa Uarabuni”. Wazee walitaka ukumbi wa kijiji. Mimi nilisimama, nikawaamkia, nikasema, “Wazee wangu, wenyewe wametuma neno. Naomba ruhusa niwawekee mlisikie.” Tuliunganisha simu na kipaza sauti cha kukodi. Ikatoka sauti ya binti wa jirani yetu, aliyekuwa Riyadh mwaka wa pili. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja kwa majina ya ukoo, akawauliza hali za miguu yao na mashamba yao, ndipo akasema: ukumbi ni kitu kizuri, lakini mdogo wake anaamka saa kumi alfajiri kwenda kisimani na akifika darasani analala. Pesa yake anataka iwe maji. Kama si maji, irudishwe kwa mama yake.

Kimya kikatanda. Yule mzee mpole, aliyemwambia mwenyekiti wetu angoje akue, aliuliza, “Huyu ni mtoto wa nani?” Akaambiwa. Akasema, “Mbona alikuwa hapa miaka yote na hatukujua kama ana maneno?” Kisha akaomba ajibu. Nikambonyezea simu. Aliishika kwa mikono miwili akapaza sauti kana kwamba lazima ivuke bahari kwa nguvu zake mwenyewe: “Mwanangu, tumekusikia! Maji tutajenga!”

Tukajenga. Kisima kilichimbwa mahali ambapo maji hayana chumvi sana, tangi la lita elfu kumi likapandishwa juu ya nguzo, kioski kikawekwa bomba nne. Mtaro wa bomba waliuchimba wavulana wa maskani kwa sururu na mitaimbo, katika matumbawe, jua likiwa kali. Mtungi ukauzwa shilingi tano, wakati wa mkokoteni ulikuwa ishirini. Kwenye kamati ya maji vijana walipewa nafasi, na mmoja wa wanakamati alikuwa Jeddah. Mwakilishi wa wadi alikuja kupiga picha. Nilifurahi sana, na mpaka leo maji yale ninayanywa.

Lakini ningekuwa nimesimulia nusu kama ningekomea hapo.

Mwaka uliofuata alirudi mwenzetu mmoja kutoka Dammam. Alikuwa amekwenda kwa njia ya Entebbe. Pasipoti ilichukuliwa siku aliyofika, simu ikawa inatolewa mara moja kwa wiki, mshahara ukalipwa miezi ya mwanzo tu. Chini ya kafala, mfumo wa udhamini wa mwajiri, mfanyakazi hakuweza kubadili mwajiri bila idhini ya mwajiri huyohuyo, na aliyetoroka alihesabiwa mkosaji. Alikaa kizuizini kabla ya kurudishwa. Alishuka Mombasa na mfuko wa plastiki. Alipokuja kikaoni aliketi palepale alipokuwa akiketi zamani, pembeni. Alijaribu kusema kwamba kikundi kiwe na utaratibu: kabla ya msichana yeyote kuondoka, nakala ya mkataba ibaki kwa katibu, pamoja na jina la ajenti, nambari ya mwajiri na nakala ya pasipoti. Lilikuwa pendekezo la maana kuliko yote niliyowahi kuyaandika. Likajibiwa na wasiwasi wa adabu: watu waliangalia chini, mmoja akasema tutaliangalia, tukaingia ajenda nyingine. Michango yake ilikuwa imekatika.

Siku ile nilielewa tulichokijenga. Tulidhani wazee wameanza kuwasikiliza vijana, tena vijana wa kike. Kumbe walichosikiliza ni riyali, na sisi vijana wenyewe tulikuwa tumejifunza kusikiliza vivyo hivyo. Aliyetuma alisema na aliyerudi mikono mitupu alinyamazishwa, hata na rika lake. Wavulana waliochimba mtaro nao walikuwa na uchungu wao. Mmoja alinitupia maneno siku moja kioskini: “Dada, wewe unaandika waliotoa elfu moja moja. Mimi mikono yangu ilitoka malengelenge. Umeniandika wapi?” Nilitafuta kwenye daftari. Jasho halina risiti.

Kisha yakaja mambo makubwa ya dunia, nayo yakatupita karibu. Desemba 2018 mataifa yalikutana Marrakech yakapitisha mkataba wa kimataifa kuhusu uhamiaji, wenye malengo 23. Mwaka uliofuata nilialikwa Mombasa, semina hotelini, nikiwa “sauti ya vijana”. Mtoa mada alisoma lengo la 19, lile linalotaka wahamiaji wawekewe mazingira ya kuchangia maendeleo kikamilifu. Kioski chetu kilionyeshwa ukutani. Nilipopewa dakika zangu nilizungumzia nakala ya mkataba wa kazi kubaki kwa katibu, na mwenzetu wa Dammam. Watu walipiga makofi. Kisha mtoa mada akaniuliza mchango wa kila mwezi ni kiasi gani na umeongezeka kwa asilimia ngapi.

Sina ugomvi na swali lile. Fedha za Wakenya walio nje zilikuwa dola bilioni 1.4 mwaka 2014, na mwaka 2024 zilipita bilioni 4.9. Saudia imeingia miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa kututumia, na kwa sehemu kubwa huo ni mshahara wa wasichana kama wetu. Nchi inazihesabu hizo kila mwezi. Yapo mengine yanayohesabiwa kwa kuchelewa. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje iliripoti vifo vya Wakenya 89 huko Saudia katika muda wa miaka miwili hivi, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani. Mwaka huohuo Saudia ililegeza masharti ya kafala ili mfanyakazi aweze kuhama mwajiri, lakini wafanyakazi wa nyumbani wakaachwa nje ya mabadiliko hayo. Mamilioni wengine walipata walau mlango, wao wakabaki ndani.

Nilirudi kutoka semina ile nikaomba kikundi kifungue katiba yake. Nilipendekeza mawili. La kwanza ni lile la mwenzetu wa Dammam: hakuna kuagwa na kikundi mpaka nakala za msafiri ziwe kwa katibu, na akikaa wiki mbili bila kusikika, kikundi kinakwenda kwa ajenti na kisha kwa ofisi ya kazi. La pili: kila mwanachama kura moja, aliye Riyadh na aliye Ukunda, aliyetuma na asiyetuma.

La kwanza lilipita bila neno. La pili lilitugombanisha kwa miezi. Ujumbe wa sauti uliingia usiku kucha, na safari hii haukuwa wa chini chini. “Katibu,” alisema mmoja, “mimi nalala saa tano kwa siku. Huyo anayekaa maskani akitafuna muguka atapiga kura ya pesa yangu?” Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilimjibu kwamba huyo wa maskani ndiye anayejua pampu imeharibika lini, na ndiye aliyechimba. Akasema basi na yeye aje huku achimbe nyumba ya ghorofa tatu kwa mswaki. Nilicheka peke yangu gizani, kisha nikamwandikia kwamba hoja yake nitaisoma mbele ya wote kama alivyoisema. Niliisoma. Wavulana wakanyamaza, mmoja akasema kweli yule dada anataabika. Mwenzetu wa Dammam akasimama, safari hii mbele, akaeleza siku moja ya kazi ilivyo, kuanzia alfajiri mpaka usiku. Hakuna aliyeangalia chini. Kura ilipopigwa, kifungu kilipita kwa tofauti ndogo, na waliokipitisha ni pamoja na baadhi ya walio Saudia. Pengine walijua siku moja nao watarudi.

Kilitugharimu. Mara ya kwanza tulipokitumia, walio nje walitaka faida ya kioski ijenge chumba chenye majina ya wafadhili, walio nyumbani wakataka ilipie karo watoto wa walioko nje ambao mama zao hawakuwa wamelipwa. Walio nyumbani walishinda. Michango ya Uarabuni ilishuka kwa muda, na wengine hawakurudi tena kikundini. Ndiyo bei ya kura moja, na bado naona tuliilipa mahali pake. Mtoto mmoja kati ya wale wa karo sasa ni mwekahazina.

Kwenye mikutano ya kaunti bado kuna kisanduku cha kijana, na bado tunatia alama. Ila siku hizi tunaingia na barua iliyopigwa muhuri, yenye maombi yetu na nafasi ya kaunti kujibu kila moja kwa maandishi. Ombi moja likikataliwa tunauliza sababu na tunarudi mwaka unaofuata nalo. Njia hii ni ya polepole kuliko riyali, na wavulana wengi hukata tamaa kabla ya mwaka wa pili. Wasichana bado wanakwenda, na sasa wengine wananijia kuuliza waende au wabaki. Siwazuii, kwa kuwa sina mshahara wa kuwapa. Ninachowataka ni nakala ya mkataba, na jambo moja zaidi: kabla ya kupanda ndege, msichana aje kikaoni aseme anataka nini kijijini kwake, akiwa bado hana kitu mfukoni, na sisi tuliandike.